Goti linaniachia nikishuka mteremko: je, bresi itanitosha?

Mtaalamu, habari za kazi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina umri wa miaka 33, na ninaishi Kibosho, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Kila asubuhi nashuka kwa miguu karibu nusu saa kwenda shuleni, na jioni napanda kurudi. Mwezi wa tisa mwaka jana, katika mashindano ya walimu ya mpira wa pete, niliruka kudaka mpira nikatua kwa mguu wa kushoto huku kiwiliwili kikigeukia upande mwingine, nikasikia ndani ya goti kitu kimelia "ta!" kama kijiti kikavu kinapovunjwa. Hakuna mchezaji aliyekuwa amenigusa. Kabla jua halijazama goti lilikuwa limevimba kabisa. Nilipigwa picha ya eksirei, nikaambiwa mifupa ni mizima, nikapewa dawa za maumivu. Jirani mmoja mwenye ujuzi wa kuchua alinichua kwa mafuta kwa wiki mbili, uvimbe ukapungua, nikaamini nimepona.

Huu ni mwezi wa saba tangu siku ile, na goti linaniachia. Kwenye barabara iliyonyooka natembea vizuri, lakini nikigeuka ghafla linalegea. Wiki iliyopita, baada ya mvua ya usiku, nilikuwa nashuka na madaftari ya darasa la sita mkononi. Mtoto mmoja akanisalimia kwa nyuma, nikageuka kumwitikia, nikahisi mfupa wa chini wa mguu umeteleza mbele, kisha nikajikuta chini kwenye tope. Jioni hiyo goti lilivimba tena.

Nimejaribu njia mbili. Kwanza nilinunua duka la dawa ile soksi ya goti ya mpira, kwa shilingi 12,000. Mama mkwe wangu anavaa kama hiyo kwa ajili ya magoti yake yanayouma na anaisifu sana, lakini mimi nilianguka nikiwa nimeivaa. Baadaye nilipata kwenye mitumba ya soko la Memorial bresi yenye vyuma ubavuni na mikanda minne. Hiyo nayo hushuka hadi kwenye shavu la mguu kabla sijafika barabarani. Nikiikaza sana, sehemu ya juu ya unyayo hufa ganzi. Na nikiwa nimeivaa mguu haunyooki wote. Tena nimeona paja la kushoto limekuwa jembamba kuliko la kulia. Mwalimu mwenzangu anasema ni kwa sababu ya bresi, kwamba mguu umezoea kushikiliwa.

Kaka yangu anafanya kazi Muscat na yuko tayari kuninunulia bresi nzuri wakati wowote nikimwambia. Naomba unieleze ninunue ya aina gani, kama itaniponya, na kama nikiivaa naweza kucheza mashindano ya mwezi wa sita.

Mwalimu, Kibosho

JIBU

Mwalimu, pole sana, na ahsante kwa kueleza kwa makini namna hii, kwa sababu maelezo yako yamenisaidia kuliko picha ya eksirei.

Uliruka, ukatua, ukageuka, goti likalia bila mtu kukugusa, kisha likavimba siku ileile. Mambo hayo yakikutana kwa mtu mmoja, jambo la kwanza tunalolishuku ni kuchanika kwa ligamenti ya msalaba ya mbele, ile ambayo wachezaji wengi huitaja kwa herufi zake za ACL. Goti linapovimba ndani ya saa chache namna hiyo, mara nyingi kilicholijaza ni damu. Ligamenti ni kano ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa, na hazionekani kwenye eksirei. Kwa hiyo aliyekuambia mifupa ni mizima alisema kweli, ila swali la kano halikuulizwa. Siwezi kukuthibitishia ugonjwa kwa njia ya barua, lakini nitakujibu nikichukulia kwamba hilo ndilo lililotokea, na nitakueleza namna ya kulihakikisha.

Ligamenti hiyo hupita katikati ya goti, kutoka fupa la paja kwenda kwenye muundi, yaani ule mfupa wa chini wa mguu. Kazi yake kubwa ni kuuzuia muundi usiteleze kwenda mbele na usijipinde kupita kiasi mguu ukiwa umekanyaga chini. Ndiyo maana barabara iliyonyooka haikusumbui, na ndiyo maana kumwitikia mtoto aliye nyuma yako kulitosha kukuangusha. Mpira wa pete nao una sheria inayolitesa goti hasa: ukidaka mpira hewani huruhusiwi kuendelea kukimbia, lazima usimame papo hapo, na nguvu yote ya mbio inaishia kwenye mguu mmoja. Wanawake huchanika ligamenti hii mara nyingi zaidi kuliko wanaume wanaocheza mchezo uleule, kwa hiyo usijilaumu kwamba ulitua vibaya.

Kabla kaka yako hajatoa hata riali moja, naomba goti lako lipimwe kwa mikono ya mtu aliyefunzwa, awe daktari wa mifupa au mtaalamu wa mazoezi tiba. Utalala chali, goti likiwa limekunjwa kidogo tu. Mkono wake mmoja utashika paja na mwingine utavuta muundi kuelekea mbele. Ligamenti ikiwa nzima, muundi husogea kidogo kisha hugota kama kamba iliyovutwa hadi mwisho. Ikiwa imechanika, muundi huendelea kuja, na ule mgoto haupatikani. Kipimo hicho huchukua dakika moja, hakihitaji mashine, na kikifanywa na mkono uliozoea huaminika sana. Mguu wa kulia, usioumia, hupimwa pia ili kulinganisha. MRI, yaani picha ya mashine ya sumaku inayoonyesha kano na gegedu, hufuata pale inapohitajika, hasa kuangalia meniski, yaani zile gegedu mbili zenye umbo la mwezi mwandamo zinazokaa kati ya mifupa na kupokea uzito wako.

Meniski ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Kila mara goti linapokuachia, mifupa husagana katika mkao ambao haikuumbiwa, na gegedu hizo hubanwa na kuchanika kidogo kidogo. Goti lililovimba tena jioni ya kuanguka linaniambia kwamba kitu kiliumia upya siku hiyo. Kwa hiyo lengo letu la sasa ni goti lisikuachie tena hata mara moja, na bresi naipima kwa kipimo hicho: inasaidia kufikia lengo hilo au haisaidii?

Kuna swali moja nataka ulijibu leo. Vua bresi, kaa sakafuni, unyooshe mguu wa kushoto kando ya wa kulia. Je, goti linanyooka na kulala sawa na lenzake? Likinyooka bila bresi, basi kinachozuia ni bresi yenyewe, na nitaeleza sababu. Lisiponyooka hata ukiwa umevua, huenda kipande cha meniski kimejikunja na kunasa kwenye kiungo. Hapo usisubiri likizo, nenda hospitali wiki hiihii, na usikubali mtu alivute au alichue kwa nguvu ili "lirudi".

Sasa nije kwenye bresi. Soksi ya goti uliyonunua huleta joto, hubana kidogo, na humfanya mtu alihisi goti lake lilipo, jambo ambalo lina faida yake. Mama mkwe wako anapata nafuu ya kweli, kwa kuwa tatizo lake, kwa jinsi ulivyolieleza, ni maumivu, na goti lake halitelezi. Lakini kitambaa cha mpira hakiwezi kuuzuia muundi. Zipo pia bresi zenye tundu mbele na ukingo mnene wa kuizuia pia ya goti, yaani kile kifupa cha mbele ya goti, isihame, na nyingine zinazosukuma goti upande mmoja ili kupunguza uzito kwenye upande uliolika. Zote ni nzuri kwa wenye matatizo hayo, lakini zisikupotezee fedha.

Inayokuhusu wewe ni ile ya bawaba, yenye fremu ngumu pande zote mbili za goti na mikanda juu na chini. Hii huzuia goti lisipinde kwenda pembeni, hupunguza kuteleza kwa muundi, na hukukumbusha kila hatua kwamba goti hili linahitaji uangalifu. Lakini naomba uelewe inavyofanya kazi, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Bresi haishiki mfupa. Inashika ngozi na nyama, na mfupa uko ndani ya nyama hiyo. Nguvu ikiwa ndogo, kama ya kutembea na kushuka polepole, nyama haibonyei sana na bresi inaweza kuutuliza mfupa. Nguvu ikiwa kubwa, kama ya kutua kutoka hewani na kugeuka, nyama hubonyea, fremu husogea juu ya ngozi, na muundi hufanya unavyotaka. Vipimo vya maabara vimeonyesha jambo hilohilo: ulinzi upo kwenye mizigo midogo, na hupungua sana kadiri mzigo unavyokaribia ule wa mchezo.

Kwa hiyo, bresi haitaiunganisha ligamenti iliyokatika katikati ya goti. Ingekuwa umeumia ile ya upande wa ndani wa goti, ningekujibu tofauti kabisa, maana hiyo mara nyingi hupona yenyewe ikilindwa kwa bresi ya bawaba kwa wiki kadhaa. Hii ndiyo sababu nasisitiza vipimo vitangulie ununuzi.

Ile ya mtumba naomba uiweke kando. Bresi nyingi za namna hiyo hutengenezwa kwa mguu wa kulia au wa kushoto na kwa unene maalumu, na ndani ya bawaba zake mara nyingi huwekwa vipande vidogo vya kuzuia goti lisinyooke au lisikunjike kupita kiwango fulani. Vipande hivyo viliwekwa kwa ajili ya mgonjwa wa kwanza, pengine baada ya upasuaji wake, na bila shaka hakuna aliyevitoa kabla ya bresi kufika sokoni. Kutembea kutwa goti likiwa limekunjwa kidogo kunachosha misuli ya paja na kukufanya uchechemee.

Kuhusu ganzi, pitisha kidole upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti, utakuta kinundu cha mfupa. Nyuma yake tu hupita neva inayohudumia sehemu ya juu ya unyayo na misuli inayonyanyua kidole gumba cha mguu. Haina nyama nyingi ya kuikinga, na mkanda ukikazwa hapo huibana. Ukihisi ganzi, legeza mkanda papo hapo. Ukiona huwezi kuinua unyayo vizuri au vidole vinaburura chini, vua kabisa na uende kupimwa siku hiyohiyo. Vilevile, shavu la mguu likivimba, likiwa la moto na kuuma, au ukipata shida ya kupumua ghafla, usifikirie bresi tena. Nenda hospitali mara moja, kwa sababu damu inaweza kuwa imeganda kwenye mshipa.

Mtaalamu akishathibitisha kwamba bresi ya bawaba inakufaa, ndipo umwandikie kaka. Azima futi kamba ya fundi cherehani. Simama mguu ukiwa umelegea, tafuta katikati ya pia ya goti, kisha pima mzunguko wa paja sentimita 15 juu ya hapo, mzunguko wa goti lenyewe, na mzunguko wa shavu la mguu sentimita 15 chini. Pima mguu mtupu, siku ambayo goti halijavimba. Mtumie kaka namba hizo tatu pamoja na neno "kushoto", halafu alinganishe na jedwali la mtengenezaji, kwa sababu saizi ya kati ya kampuni moja si lazima iwe ya kati ya nyingine. Lakini kabla ya Muscat, una jirani mzuri zaidi. Mjini Moshi, katika eneo la hospitali ya KCMC, kipo chuo cha TATCOT ambacho tangu mwaka 1981 kinafundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kushikilia viungo. Ni mahali pazuri pa kuanza kuuliza, maana mtu anayekuvisha bresi kwa mikono yake na kukutazama ukitembea anaona kasoro ambazo jedwali halionyeshi.

Kuvaa nako kuna utaratibu. Kaa ukingoni mwa kiti, goti likiwa limekunjwa. Weka katikati ya bawaba usawa wa pia ya goti, nyuma kidogo ya mstari wa kati wa ubavu wa mguu. Kwa bresi nyingi, mkanda wa kwanza kukaza ni ule wa chini ya goti, juu ya shavu la mguu, kwa sababu ndio unaoibeba bresi isishuke. Mikanda ya paja hufuata. Simama, tembea dakika kumi, kisha kaza upya. Paja lina umbo la koni, kwa hiyo bresi yoyote hupenda kuteremka, na inayoteremka bawaba zake huwa zimeacha usawa wa goti na kazi yake imekwisha. Jioni ioshe kwa sabuni laini, uikaushe kivulini, na uangalie ngozi. Kuna watu ambao mpira wake huwatoa vipele.

Vaa wakati wa kushuka na kupanda, hasa masika hii, shambani, na mahali penye msongamano. Darasani na nyumbani vua. Usilale nayo. Wakati wa kushuka, piga hatua fupi, shika fimbo, madaftari yapande mgongoni kwenye begi ili uone unapokanyaga, na ukiitwa kwa nyuma simama kwanza, kisha zungusha miguu yote miwili.

Mwenzako amekosea kidogo kuhusu paja. Limepungua kwa sababu ya jeraha lenyewe: goti lililovimba hutuma ishara zinazoizima misuli ya mbele ya paja, na mguu usioaminiwa hautumiwi. Misuli hiyo ndiyo ningependa uihangaikie kuliko kifaa chochote, pamoja na ile ya nyuma ya paja ambayo huuvuta muundi kurudi nyuma na hivyo kusaidia kazi ya ligamenti iliyopotea. Anza hivi: kunja kanga iwe kama mto mdogo, iweke chini ya goti, ikandamize kwa kukaza paja, hesabu hadi kumi, pumzika, rudia mara kumi. Kisha lala chali, magoti yamekunjwa, inua nyonga juu na kuishusha polepole. Likishazoea bila kuvimba, kaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika chochote, polepole wakati wa kushuka. Baadaye panda na kushuka kizingiti cha mlango kwa mguu wa kushoto. Na kila siku, ukipiga mswaki, simama kwa mguu wa kushoto pekee karibu na ukuta, pia ya goti ikielekea usawa wa kidole cha pili cha mguu, isiingie ndani. Hilo la mwisho watu hulidharau, nami naliheshimu kuliko yote, kwa sababu linaufundisha mguu kujirekebisha kabla hujafikiri. Goti likivimba baada ya mazoezi, punguza siku inayofuata. Maumivu ya misuli pekee yasikutishe. Haya ni ya kuanzia tu, na mtaalamu atakuongezea mzigo kwa hatua, kwa miezi mitatu angalau.

Je, upasuaji? Mwaka 2010 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa Sweden kwa watu 121 wa umri wa miaka 18 hadi 35, wapenda michezo wasio wa kulipwa, waliokuwa wamechanika ligamenti hii karibuni. Kundi moja lilifanyiwa upasuaji mapema pamoja na mazoezi tiba. Lingine lilianza na mazoezi tiba, likiwa na nafasi ya kupasuliwa baadaye endapo goti lingeendelea kulegea. Baada ya miaka miwili, hali ya makundi hayo ilikuwa sawa kwa maumivu, shughuli na michezo, na zaidi ya nusu ya kundi la pili hawakuwa wamepasuliwa. Napenda ulijue hilo ili usiogope kwamba kisu ni lazima. Lakini wao walianza mazoezi mapema chini ya usimamizi, nawe umekaa miezi saba ukianguka. Kwa hiyo ikiwa baada ya miezi mitatu ya mazoezi ya kweli goti bado linakuachia, au meniski ikikutwa imechanika kwa namna inayoweza kushonwa, nitakuwa wa kwanza kukuambia umwone daktari wa upasuaji wa matundu madogo.

Mashindano ya mwezi wa sita usicheze, Mwalimu, iwe na bresi au bila bresi. Najua jibu hili linauma. Kutua na kugeuka ndiko hasa bresi isikoweza kukulinda, na hata aliyefanyiwa upasuaji hushauriwa kungoja si chini ya miezi tisa kabla ya kurudi uwanjani. Waombe wenzako wakupe kazi ya kufundisha timu msimu huu, na uwafundishe kutua kwa miguu miwili magoti yakiwa yamekunjwa.

Ukishapimwa niandikie tena. Nitajie kama muundi uligota au haukugota, na mzunguko wa mapaja yote mawili sentimita 15 juu ya katikati ya pia ya goti, ili baada ya wiki sita upime tena tulinganishe.